Mwisho Aliotufasiria Mwajuma

Tangu tumzike rafiki yangu Mwajuma nimeangalia filamu kumi na moja, na tisa kati ya hizo ni upuuzi mtupu. Nasema hivyo bila kumwogopa Zaina, binti yake, anayesoma chuo kikuu hapa Kisangani na anayekuja kwangu kila Jumamosi mchana na kompyuta yake ndogo begani. Anasema anakuja ili tantine Eliza, yaani mimi shangazi yake wa hiari, asikae peke yake na huzuni. Mimi nadhani anakuja kwa sababu kwao kumekuwa kimya mno. Juzi tuliangalia filamu moja mpya ya Kimarekani ambamo mji mzima ulilipuliwa, wakabaki watu wawili wakikimbia kwa saa mbili. Nikamwuliza Zaina: hawa tangu asubuhi wamekula nini? Akacheka, lakini sikuwa nimetania. Filamu ambayo hakuna anayepika, hakuna anayefua, hakuna anayekaa kumenya ndizi huku akisema neno lisilo na maana, mimi siiamini. Za Kinaijeria naziamini kidogo zaidi, ingawa wanapiga kelele na viti vyao vya sebuleni ni vikubwa kuliko shida zao. Za maigizo ya Kinshasa, mume mlevi anafukuzwa na mama mkwe, zinanichekesha dakika kumi, halafu nasinzia. Na zile za Wachina za kuruka juu ya mapaa, nilizozipenda sana nikiwa msichana, sasa naona ni watu wazima waliokosa kazi ya kufanya.

Maman, mama yangu mzazi, anasikiliza zote. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu, lakini hataki kuachwa nje. Anakaa kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, na kila baada ya muda anasema neno moja: "Fasiri." Basi nafasiri. Zaina anasema ninafasiri vibaya, kwamba naruka maneno na kuongeza maoni yangu, kwamba mtu akisema "nakupenda" mimi namwambia maman "anadanganya huyu." Ni kweli. Mama yake Zaina ndiye aliyejua kufasiri. Mimi ni mtu wa kulalamika tu.

Mwajuma alikufa kwa ugonjwa wa figo, polepole, na kila mtu alijua, yeye mwenyewe kuliko wote. Wakamzika siku ileile alasiri, kama wanavyozika watu wa kwao, na wanawake tukakaa uani kwenye mikeka. Maman alikuja. Nilimshika mkono kutoka kwenye pikipiki, na wenyeji wakampangusia mahali pazuri karibu na ukuta, penye kivuli. Akasema anataka kiti. Wakamletea kiti cha plastiki, akakaa juu yake, peke yake juu ya vichwa vyetu vyote, mgongo umenyooka. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona: "Iko na kiburi, ile muzee." Sikugeuka. Nimesikia maneno hayo katika kila msiba tuliokwenda. Kwetu sisi, watu wa mto, mama wa marehemu ndiye anayefungua matanga: anashushwa chini kwenye mkeka, na akishakaa ndipo kilio kinapoanza na majirani wanapokaa pia. Maman aliapa zamani kwamba makalio yake hayatagusa mkeka wa msiba, wa mtu yeyote yule, maana akikaa mara moja miguu itazoea. Kwa hiyo amewalilia ndugu, mashemeji na jirani zake wote akiwa kwenye kiti. Na mwanawe mwenyewe alikuwa hajamlilia.

Mwaka alipopotea mwanawe huyo nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Mwajuma ishirini. Ami yake, tonton Rajabu, alikuwa na chumba cha video nyuma ya soko la Tshopo. Zamani kilikuwa ghala la kahawa na bado kilinuka magunia. Mlango mmoja, madirisha yamezibwa kwa maboksi, mabenchi tisa ya mbao ambayo yalichana vitenge vyetu, na mbele, juu ya meza ya fundi cherehani, televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kama mtoto mchanga. Filamu ilianza saa nane mchana, wanawake wakishatoka sokoni, na ikakatika kila mara umeme ulipokatika, ingawa bwawa lenyewe liko pale pale Tshopo na tukilala tunasikia maji yake. Umeme ukikatika tulibaki gizani tukibishana juu ya tulichokiona. Huko ndiko nilikojifunza kuwa na maoni. Kulikuwa na mama muuza mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, ambaye hakuwahi kumsamehe shujaa yeyote aliyeoa mke wa pili, na alimtukana kwa jina hadi mwisho, hata kama ameshakufa kwenye filamu. Kulikuwa na fundi baiskeli aliyesema kila bunduki ni ya uongo, na kila nyumba pia.

Kaseti nyingi zilikuwa za Kihindi, na hakuna mtu hata mmoja mle ndani aliyejua Kihindi. Ndiyo maana watu walimjia Mwajuma. Asubuhi alifanya kazi za nyumbani kwa mke wa mfanyabiashara mmoja Mhindi, mjini, na yule mama, ambaye alikuwa mpweke, alipenda kuangalia filamu za kwao huku Mwajuma akipiga pasi. Alimweleza kila kitu kwa Kiswahili chake cha dukani: nani ni mtoto wa nani, nani amelaaniwa, wimbo unasema nini. Mchana Mwajuma alikuja na kaseti ileile ndani ya kikapu, akasimama kando ya televisheni na kijiti cha mwanzi mkononi, akapunguza sauti, akatusimulia. Hakuigiza. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekueleza yaliyotokea kwa jirani. Wengine mjini walifasiri kwa kelele na matusi, watu wakacheka. Kwa Mwajuma watu walilia, halafu wakashukuru. Mimi nilikaa benchi la mbele, nikasahau kwamba kuna mashine.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule kaka yangu Boni alishuka mto kwa baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, kwenda Isangi na chumvi na sabuni, arudi na samaki wa moshi. Ilikuwa safari yake ya sita au ya saba. Aliondoka asubuhi baada ya kunywa chai, akalalamika kwamba shati lake la kijani halijakauka, akalivaa hivyohivyo. Mashua ilizama chini kidogo ya Yanonge. Walipata watu kumi na wanne katika siku nne, na kila mmoja alipopatikana maman alikwenda kumwangalia. Boni hakupatikana. Papa wetu alikuwa ameshafariki siku nyingi, kwa hiyo baba mdogo alikuja kutoka Yanonge kutuambia kwamba imetosha, maji yamekataa kumrudisha, ni wakati wa kufungua matanga. Walitandika mkeka sebuleni. Majirani wakaja na viti na sukari, wakasimama uani wakimngoja maman akae. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, akasema: "Bon. Mumeona yeye? Mi sijaona yeye. Mukunje mukeka yenu."

Baada ya hapo hakula. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya kitu chochote cha mwaka ule, sahani. Nilipika lituma ya ndizi, nikaiponda vizuri kama apendavyo, na samaki mwenye mchuzi mwepesi, na pondu ya majani ya mihogo iliyotiwa mawese mengi. Nikaweka mbele yake, nikaondoa vilevile. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono ya kusukuma mtumbwi. Katika wiki sita vitenge vyake vilimzunguka mara mbili. Alikwenda bandarini kila asubuhi, akakaa juu ya jiwe akiangalia kila mashua inayopanda, akarudi saa sita na midomo mikavu. Hakulia hata mara moja. Watu walisema ingekuwa afadhali alie. Mimi nilikuwa nimechoka kuogopa, na sikutaka alie. Niliona kwamba akianza hatanyamaza, na kwamba nitabaki peke yangu katika nyumba ile.

Siku moja nikamwambia twende tukaangalie video. Alinitazama kama nimemtukana, lakini akaja, labda kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Tulikwenda kwa toleka, yeye kwenye baiskeli ya mbele, mimi nyuma, nikiuangalia mgongo wake uliokuwa umepungua. Mwajuma alikuwa mlangoni mwa chumba. Akamsalimu maman kwa mikono miwili, akamwingiza, akamchagulia benchi lisilo na misumari, kisha akarudi nje kwangu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Eliza, leo si siku yake," akaniambia. "Ile filamu ya leo iko na mambo ya mto. Mulete kesho. Kesho iko ya Wachina."

"Amekubali kutoka nyumbani leo," nikasema. "Kesho atakataa. Fanya tu asilie."

"Na kama filamu yenyewe inalia?"

"Mwajuma, nakuomba. Fanya maman yangu asilie. Weye njo unafasiri."

Alinitazama kidogo, akagongesha kijiti chake kwenye mguu, akaingia. Nimeandika maneno hayo kwa urahisi, kana kwamba nilikuwa nayo siku zote. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeyasahau kabisa hadi Jumamosi iliyopita, na nitaeleza kwa nini.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mama mmoja na mwanawe wanaokaa ukingoni mwa mto mpana. Mama anapika mikate ya duara juu ya moto wa kinyesi cha ng'ombe, na inaonyeshwa kwa muda mrefu, dakika tatu nzima za mikono na unga, ndiyo maana niliipenda. Mwana anaondoka na mashua ya mizigo. Kuna wimbo wa kumuaga ambao mama anaimba akiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Halafu mashua hairudi. Maman alinishika mkono hapo, kwa nguvu, na nilitaka ardhi inimeze. Kila jioni mama yule anawasha taa ndogo ya udongo, anaiweka kizingitini. Miaka inapita, nywele zake zinakuwa nyeupe. Mwishoni mzee mmoja mwendesha mashua anakuja amebeba shali ya yule kijana, anamwambia maneno mengi, mama anaanguka kwenye miguu yake. Kisha anachukua taa, anaipeleka mtoni, anaiachia iende na maji. Na kabla ya mwisho kabisa kijana mmoja mwenye ndevu anakuja kwenye njia ya nyumba, anazungumza na mama mlangoni, na mama anamgusa uso.

Mwajuma alifasiri. Sauti yake ilikuwa ileile ya kawaida. Alisema mzee wa mashua ameleta habari njema: kijana hakufa, maji yalimbeba mpaka nchi ya mbali, akaokolewa na watu, akapoteza kumbukumbu, sasa imerudi, ameitanguliza shali yake ili mama ajue. Mama ameanguka kwa furaha. Taa anaiachia mtoni kwa sababu haina kazi tena. "Na huyu," akasema, akimgusa yule kijana kwa ncha ya kijiti, "ni yeye. Amefuga ndevu juu ya safari, njo maana munaona kama ni mutu mwingine." Chumba kizima kilipiga makofi. Mama muuza mbinzo alilia kwa sauti. Maman hakulia. Aliachia mkono wangu, akauliza kwa sauti iliyosikika hadi nyuma: "Alipitisha miaka ngapi?" Mwajuma akashusha kijiti. "Mingi, maman," akasema. "Lakini alirudia."

Jioni ile maman alipika mwenyewe. Alimenya ndizi, akaponda lituma huku akivuta pumzi, akapakua sahani tatu. Moja yake, moja yangu, ya tatu akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka upande wa meza uliotazama mlango. Akala yote iliyokuwa mbele yake, akalamba vidole. Nililia jikoni kwa furaha. Nilikimbia asubuhi kwenda kumkumbatia Mwajuma, naye akanikumbatia, akasema tu kwamba pasi inaungua. Sahani ya tatu iliwekwa kila siku tangu siku ile, mchana na jioni. Maman hakutaka itupwe, wala mgeni apewe. Ilipopoa na siku ikapita, nilikula mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekunywa chai ya asubuhi na chakula cha kaka yangu.

Sasa ninaweza kusema gharama yake, kwa kuwa wote waliohusika wamezeeka au wamekufa. Mwisho wa mwaka uleule mwalimu mmoja wa Ubundu aliniposa. Alikuwa mtu mpole mwenye meno mabaya, aliyekuja mjini kwa treni akivuka na mashua kutoka ng'ambo, na kila alipokuja alituletea samaki waliofungwa kwenye majani. Aliketi sebuleni kwetu, akala lituma, akasifu. Siku alipoleta wazee wake, maman aliwapokea vizuri, akawapa vinywaji, kisha akasema: "Mutoto ni muzuri, sina neno. Lakini nani atapokea mahari? Kaka yake iko njiani. Mungoje yeye afike." Wazee wakatazamana. Baba mdogo akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomwambia dada yake mkubwa, lakini nilikuwa nyuma ya pazia na nilisikia: "Yaya, Boni amekufa." Naye akajibu bila hasira: "Ni weye unasema. Mi niliona kwa macho yangu namna gani mutu anarudia." Mwalimu alingoja miaka miwili. Alisema tuhamie Ubundu na maman. Maman akasema nyumba hii haihami, Boni akija atakuta nani? Sikuweza kumwacha. Mwalimu alioa huko huko Ubundu, na nasikia alipata watoto saba.

Nilimchukia maman kwa ukaidi ule, kwa miaka, kimyakimya, huku nikimwogesha na kumsuka. Sikuwahi kumchukia Mwajuma. Kwa nini nimchukie? Yeye ndiye aliyefanya mama yangu ale. Alikuja kila Idi na sahani ya pilau, na mara nyingine siku isiyo na sikukuu, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, tukazungumza juu ya filamu. Lakini kulikuwa na mambo ambayo leo nayaona. Maman aliomba mara nyingi aione tena ile filamu ya mto, na Mwajuma alisema mashine imekula kaseti. Kabla mwaka ule haujaisha aliacha kufasiri, ghafla, tonton Rajabu akakasirika na kumweka kijana wa kupiga kelele. Na siku moja, tayari ameolewa na ana mimba ya Zaina, aliitazama sahani iliyofunikwa mezani kwetu, akasema: "Eliza, ile filamu..." Nilikuwa nimerudi kutoka sokoni na miguu ilikuwa inaniuma. Nikamwambia aache mambo ya filamu, anisaidie kuchambua pondu. Akasaidia. Hakulianzisha tena neno hilo, kwangu.

Alilianzisha kwa binti yake. Jumamosi iliyopita Zaina aliingia, akatusalimu, akakaa na kompyuta magotini bila kuifungua. Akasema mama yake, wiki za mwisho, alimpa kazi: atafute filamu moja ya zamani ya Kihindi, yenye taa ya udongo na shali, asiyoijua jina. "Alisema nikiipata niwaletee, tantine, na nisikae kuongea, weye usome maandishi ya chini mwenyewe. Nimeipata juzi. Iko na Kifaransa." Nikadhani ni zawadi. Nikadhani Mwajuma alitaka tukumbuke ujana wetu. Mimi na maman tulikuwa tumemaliza kula kabla hajafika, na sahani ya Boni ilikuwa mezani, imefunikwa. Zaina akabonyeza.

Maman aliitambua kwa wimbo. Alikuwa anasinzia, na sauti ya yule mama ndani ya maji ilipoanza aliinua kichwa. "Hii ni ile," akasema. "Eliza, hii ni ile ya Mwaju. Fasiri." Nikafasiri. Niseme kwanza kwamba ni filamu nzuri. Niliogopa kwamba ingekuwa imechakaa, kama zile za mapaa, lakini mikate ilikuwa bado pale, na mikono, na nimeona sasa kwamba yule mama wa filamu hakuwa mzee hata kidogo, alikuwa na umri wangu. Nilifasiri kuondoka kwa mashua, nikafasiri kungoja. Maman alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwake. Mzee wa mashua akaja na shali. Nikasoma maandishi, na sauti yangu ikakatika.

Mzee alikuwa anasema: mama, nilimzika mimi mwenyewe, kwa mikono hii, kwenye mchanga, mwaka uleule. Nilikosa moyo wa kuja kukuambia. Usiwashe taa tena.

"Umenyamaza," maman akasema. "Anasema nini?"

Taa ilikuwa inakwenda na maji. Ndipo nilipojiona nimesimama mlangoni mwa ghala la kahawa, na Mwajuma mbele yangu na kijiti chake, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ya miaka kumi na tisa ikisema fanya maman yangu asilie. Si Mwajuma aliyemkalisha mama yangu kwenye kiti. Yeye alibeba tu nilichompa, akakibeba hadi kaburini, na alipotaka kukitua nikampa pondu achambue. Kijana mwenye ndevu alikuja kwenye njia ya nyumba. Alikuwa mgeni kabisa. Aliuliza njia ya kituo cha treni, na yule mama akamgusa uso, akamwelekeza. Kisha jina la filamu, na mwisho. Zaina alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa chake cha kichwani. Alikuwa ameshaiangalia peke yake, na nadhani alikuwa ameelewa kwa nini mama yake alimtuma.

"Eliza. Fasiri."

Ningeweza. Maneno ya Mwajuma nayajua kwa moyo: nchi ya mbali, kumbukumbu, ndevu za safari. Maman ana miaka zaidi ya themanini na pumzi fupi. Zaina aliniangalia, na najua alikuwa ananiomba nidanganye. Nikainuka, nikapiga magoti mbele ya kile kiti cha mbao, nikamshika mikono.

"Hakurudia, maman," nikasema. "Kijana alikufa na mashua. Yule muzee alimuzika yeye mwenyewe, njo alikuya kumwambia."

"Na ile ya ndevu?"

"Ni mupita njia. Anauliza wapi treni iko."

Nje mtoto alikuwa anagombana na mbuzi. "Mwaju alisema alirudia," akasema.

"Ni mimi nilimuomba. Pale mulangoni. Nilimwambia afanye usilie."

Nilingoja anisukume. Ningependa angenisukuma. Aliutoa mkono mmoja mikononi mwangu, akajishika tumbo, akawa kama anahesabu kitu, midomo ikitembea bila sauti.

"Shati yake haikukauka," akasema mwishowe. "Nilimwambia angoje ikauke." Kisha: "Nishushe chini."

Zaina akakimbia kuleta mkeka, ule wangu wa kukaushia mihogo, hatukuwa na mwingine. Akautandika katikati ya chumba. Maman alinyoosha mguu, akaupapasa kwa kidole, akasema: "Si pale. Karibu na mulango, batu bapate pahali ya kukaa." Tukausogeza. Nilimshika chini ya makwapa na Zaina akamshika miguu, tukamshusha polepole, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Akakaa. Akainyoosha miguu mbele yake, akaifunika vizuri kwa kitenge, akafungua kitambaa chake cha kichwa na kukiweka kando.

"Mutoto ya Mwaju amekula?" akauliza.

"Hajakula, maman."

"Mupe ile sahani iko mezani. Isipoe bure."

Nikaifunua sahani ya Boni, nikampa Zaina. Alikula amesimama ukutani, kijiko baada ya kijiko, machozi yakidondokea kwenye lituma, hadi ikaisha. Maman alisikiliza mpaka kijiko kikagonga sahani tupu. Ndipo akamwita mwanawe kwa jina lake lote, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na majirani wakaanza kuingia wakiuliza nani amekufa.